Kariakoo: wanaolala na wanaoshinda

Msiba wa mwisho niliohudhuria Kariakoo ulikuwa wa jirani wa zamani wa shangazi yangu, na kilichobaki kichwani mwangu ni turubai. Halikuwa na pa kukaa. Zamani nyumba ikifiwa, turubai lilifungwa katikati ya barabara, viti vikapangwa kutoka kona hii hadi ile, masufuria yakapanda mafiga uani, na dereva aliyekuja na gari lake akageuza bila kuuliza. Safari hii wafiwa walipata upande mmoja tu wa barabara, kati ya guta lililojaa marobota na mlango wa duka la mapazia. Kijana wa dukani alizima spika yake bila kuambiwa. Wateja wakapita katikati yetu wakiinamisha vichwa na mifuko yao mkononi. Jeneza likatoka, tukalisindikiza, na tuliporudi kutoka makaburini meza za soksi na vifuniko vya simu zilikuwa zimesharudi mahali pake.

Nilikaa kati ya watu wawili. Upande wa kulia alikuwa mzee mmoja aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale, siku hizi anaishi Chanika kwa mwanawe. Yeye aliona aibu: mtu aliyeishi mtaani maisha yake yote anasindikizwa kwa saa mbili za kuazima. Kushoto alikuwa dada mwenye frem ghorofa ya pili ya jengo la jirani. Alikuwa amefunga duka siku nzima, na kwa Kariakoo siku nzima ni fedha. Miaka kumi na zaidi alikuwa akinywa chai ya asubuhi na marehemu, ndiye aliyempeleka hospitali alipougua mara ya mwisho, na hakuelewa mzee analalamikia nini. Kwake ule ulikuwa msiba uliojaa watu.

Asubuhi tunaulizana umelalaje, jioni tunaulizana umeshindaje. Kariakoo ya leo imegawanyika hapo hapo: wachache wanaolala, wengi wanaoshinda. Mambo yote tunayoyaita shughuli za mtaa, yaani mkutano, msiba, ulinzi, usafi, uchaguzi wa mwenyekiti, yalitengenezwa kwa ajili ya kundi la kwanza. Kila anayesema mtaa umekufa anahesabu vitanda. Anayesema uko hai anahesabu vichwa saa sita mchana. Nadhani hesabu zote mbili ni sahihi, na ndiyo maana mjadala huu hauishi.

Wenye hoja ya vitanda wana historia, ingawa historia yenyewe inawasaliti kidogo. Jina la mahali hapa ni Carrier Corps lililopita midomoni mwa wenyeji: kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, lililoiteka Dar es Salaam Septemba 1916. Maana yake eneo lilipata jina kwa watu waliokuja kubeba mizigo, walioitwa na kazi na kuondoka na kazi. Ukimtazama leo kijana anayesukuma mkokoteni Mtaa wa Congo huku akipiga mluzi watu wampishe, utaona jina halijachuja. Baada ya hapo ndipo wakoloni wakapafanya mahali pa Mwafrika kulala, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi makusudi kutenga Uhindini na Uzunguni na sisi wengine. Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi na waliotoka mbali zaidi wakajenga nyumba kwenye viwanja vilivyopimwa kama ubao wa drafti.

Nyumba zile ndizo zilizotengeneza mtaa. Vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, uani nyuma pa kupikia na kuoga, baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha, na wapangaji hawakuwa wa kabila lake wala wa dini yake. Katika korido moja ulisikia lugha nne na ukanusa vitoweo sita. Kwenye mabaraza na kumbi za mitaa hii ndipo siasa ilipokolea hadi TANU ikazaliwa Julai 1954 barabara ya New Street, ambayo leo ni Lumumba. Yanga ilizaliwa 1935, Simba mwaka uliofuata, na hadi leo makao ya klabu hizo yako Jangwani na Msimbazi, umbali wa kutembea kwa miguu.

Habari nazo zilikuwa na njia zake. Mjumbe wa nyumba kumi, mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, alijua nani amehamia, nani amejifungua, nani kapigwa na mumewe. Muuza kahawa aligonga vikombe vyake na kubeba habari pamoja na kashata. Msikitini ilitangazwa nani kafariki na atazikwa saa ngapi. Nyumba kumi zilikuwa vyumba sitini. Mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri aliviweza.

Sasa panga maghorofa kumi ya leo mstari mmoja. Chini frem, juu frem, juu ya hapo stoo, na labda juu kabisa vyumba vichache vya kulala. Hata mjumbe awe na kumbukumbu ya malaika, atamjua mlinzi wa getini na kuishia hapo. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 mjumbe mwenyewe ni wa chama, si wa kila mtu, kwa hiyo mlango mwingine unafungwa kabla hajabisha.

Hoja ya wanaolala basi ni hii: kelele hazina kikomo, magari ya mizigo yanashusha usiku, mtaro ukiziba anayekaa na harufu hadi alfajiri si mwenye duka, na mtoto hana pa kuchezea hata mpira wa makaratasi. Februari 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 hapo Kariakoo, na taa na kamera zikaja nayo. Usiku ndio ulikuwa wakati pekee mtaa unarudi kwa wenyewe. Wakapokonywa na huo. Ingawa, nikiwa mkweli, mama mmoja anayeishi bado nyuma ya Mtaa wa Sikukuu alinipinga hapo hapo. Kwake usiku wa giza ulikuwa wa vibaka. Bora kelele na taa, alisema, kuliko utulivu wa kuporwa.

Upande wa pili watu huusema kwa neno moja, tamaa, na hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wangu. Chukua nyumba ya vyumba sita ambayo babu aliijenga miaka ya 1950. Babu kafa, bibi kafa, watoto wao saba wamekufa watano, warithi leo ni watu kumi na wanne, wengine wako Tanga, mmoja Muscat. Hakuna anayeweza kuwanunua wenzake. Kodi ya vyumba sita ikigawanywa kwa watu kumi na wanne ni nauli. Bati limetoboka na hakuna anayetaka kulibadilisha peke yake. Akija mtu na kusema nitawajengea ghorofa, ninyi mtoe kiwanja, kila upande uchukue sehemu yake, wanakubali. Wasingekubali wangefanya nini? Walioondoka hivyo walijenga Mbagala, Tabata, Kitunda, nyumba zenye choo ndani. Shangazi yangu aliondoka na hakuwahi kutamani kurudi kupanga foleni ya bafu uani saa kumi na moja alfajiri na watu wa vyumba sita. Tunaosifu zaidi ile nyumba ya Kiswahili ni sisi tuliokuja likizo.

Na baraza, tukilisifu, tulisifu kwa kipimo. Lilikuwa la wanaume. Habari za mbele ya nyumba zilijadiliwa na waliokuwa na nafasi ya kukaa; wanawake walikuwa uani na moshi. Mpangaji aliyechelewa kodi alisikia mambo yake yakizungumzwa pale kabla hajaamka. Leo anayejua mtaa wa Kariakoo kuliko wote ni mama lishe. Analala Mbagala, anaingia na gari la kwanza, ana daftari la wanaokula kwa mkopo, na mtu asipoonekana siku mbili yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Ile kazi ya mjumbe anaifanya mtu ambaye kwenye orodha ya mtaa hayumo kabisa.

Tena wazo kwamba mtu wa mahali ni anayelala mahali, Kariakoo yenyewe ililivunja zamani. Mashabiki wa Mwanza na Mbeya hujiita watoto wa Jangwani au Wekundu wa Msimbazi, na wengine hawajawahi kuyaona hayo majengo kwa macho. Hatujawahi kuwaambia si wenyewe.

Lakini kuna mahali ambapo hoja hii ya wanaoshinda hunikwama kooni. Wanaoshinda si wanyonge. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia ukusanyaji wa kodi, na ndani ya siku chache Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza uwanja ukiwa umefurika. Juni 2024 wakafunga tena, na Serikali ikakaa nao tena. Mkazi wa vyumba viwili vya nyuma, mtaro wake ukiziba, ana nani wa kumleta Mnazi Mmoja? Ana mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Basi. Kura ya mtaa ndiyo nguvu pekee iliyobaki mikononi mwa wanaolala, na ukimpa kila mwenye frem kura hiyo, mwenyekiti atakayechaguliwa atakuwa mwenyekiti wa frem. Atakayeomba kibali cha kufunga barabara kwa ajili ya arobaini ya mama yake atajibiwa kwamba ni msimu wa sikukuu, biashara imechangamka.

Kwa hiyo kanuni inayosema mpiga kura wa mtaa awe mkazi wa mtaa huo naiona ina haki yake. Siku iliyonifanya niitilie shaka ni Jumamosi moja ya Novemba.

Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi maduka yakiwa yamefunguka, ghorofa lililokuwa kwenye kona ya Mchikichi na Congo liliporomoka likiwa na watu ndani. Zaidi ya watu 20 walikufa. Kabla mashine kubwa hazijafika, waliokuwa wakichimba kifusi kwa nyundo na mikono mitupu walikuwa wenye maduka ya jirani, makuli, na mawinga wanaowatafutia wenye maduka wateja. Swali lililokuwa gumu kuliko yote siku ile lilikuwa jepesi kulitamka: ndani mlikuwa na nani? Daftari la wakazi halikuwa na msaada wowote, kwa sababu waliofukiwa walikuwa watu wa kushinda. Majina yao yalikuwa vichwani mwa wenzao: yule wa frem ya pembeni, msaidizi wake, binti aliyeanza kazi wiki hii, mteja aliyekuja na mzigo. Vichwa hivyo ndivyo vilivyofanya kazi ya daftari.

Siku 11 baadaye, Novemba 27, nchi nzima ilipiga kura ya serikali za mitaa. Uandikishaji ulikuwa umefanyika Oktoba, kila mtu anakolala. Waliotoka kuwazika wenzao wa Mchikichi walipiga kura Gongo la Mboto, Kimara na Mbagala, wakachagua wenyeviti ambao hawatawahi kuona ngazi za majengo wanayoshindamo. Na mitaa ya Kariakoo ikachaguliwa viongozi na watu ambao wengi wao hawajawahi kupanda hizo ngazi. Serikali ilikwishaunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo, jambo jema. Lakini timu huja na kuondoka. Anayeona ufa ukutani Jumanne, na Alhamisi akaona umefika dirishani, ni aliyeko mle kila siku. Kwa utaratibu wa sasa mtu huyo hana mkutano wa mtaa wa kwenda kusema. Akimwambia mwenye jengo, kodi yake inaisha mwezi ujao na kuna kumi wanaongojea frem hiyo na kilemba, fedha ya kuachiwa nafasi, mkononi. Atanyamaza. Mimi pia ningenyamaza.

Kuna wanaojibu kwamba dawa ni ya kisheria, wataalamu wakague, vibali vifuatwe, mtaa uachwe nje ya mambo ya zege. Nakubali nusu. Soko kuu lenyewe, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lilikuwa na shirika zima la kulisimamia, na bado moto ulilishinda. Jengo la mtu binafsi halina hata hilo.

Wengine hutolea mfano Magomeni Kota. Pale kaya 644 ziliondolewa nyumba za zamani zikabomolewa, zikasubiri miaka mingi kuliko zilivyoahidiwa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua maghorofa mapya wakarudi. Majirani wakawa majirani tena, safari hii kwa lifti. Kwa nini Kariakoo isiwe hivyo? Mfano ni mzuri lakini hautufai sana. Magomeni ardhi ilikuwa ya umma, wapangaji walikuwa na orodha moja, na orodha ile ndiyo iliyowavusha: walidai pamoja, wakangoja pamoja. Kariakoo kila kiwanja kina familia yake, wakili wake, dalali wake na ugomvi wake wa mirathi. Mazungumzo hufanywa sebuleni kwa mtu, jirani anagundua siku tingatinga likiingia. Hakujawahi kuwa na orodha.

Ndipo naona tunagombania kitu kisicho chenyewe. Kura ibaki kwa wanaolala. Siwezi kuwanyang'anya cha mwisho. Ila mkutano wa mtaa uwe na siku yake ya wanaoshinda, saa nane mchana siku ya kazi, na si Jumapili wakati maduka mengi yamefungwa na wenyewe wako makwao. Waje na ufa, waje na waya uliochubuka kwenye ngazi, waje na choo cha ghorofa ya tatu, na mtendaji aandike mbele yao. Jina la mlalamikaji si lazima lifike kwa mwenye jengo. Na kila jengo liwe na orodha ya wanaoshinda humo, frem kwa frem, ikae ofisi ya mtaa. Wafanyabiashara niliowagusia hili waliruka: orodha, wanasema, ikishakuwepo itafika kwa watu wa kodi kabla ya kufika kwa watu wa uokoaji. Hofu hiyo siidharau, kufunga maduka kwa 2023 kulitokana na mambo ya namna hiyo. Labda orodha isiandike biashara wala mtaji, iandike jina na namba ya simu ya ndugu. Hata hivyo wengine watakataa, na sijui namna ya kuwalazimisha bila kuharibu kitu kizima.

Wanaolala nao wana la kwao la kukataa. Mzee wa Chanika, nilipomweleza, alisema ukishawapa mkutano leo, kesho wataomba kiti, kesho kutwa muhuri. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe kwa sheria si mkazi tena, halali hapa, hana kura, na bado tulimpa kiti cha mbele msibani na kumwachia aseme dua. Akacheka, akasema hilo ni tofauti. Dada wa frem akamuuliza tofauti gani, na mzee akaita kahawa.

Jioni ile, kabla hatujatawanyika, mjukuu wa marehemu alileta daftari la rambirambi tuhakikishe majina. Lilikuwa daftari la shule lenye mistari, limepigwa kalamu safu mbili. Nililifungua nikitazamia kuona kama zamani: mama fulani nyumba ya kona, baba fulani karibu na kisima. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa hivyo, wengi wao wakiwa wamehama. Kuanzia ukurasa wa tatu mwandiko ulibadilika na anwani pia. Duka la mapazia. Ghorofa ya kwanza, frem namba nne. Mlinzi wa getini, elfu mbili. Mama lishe wa uchochoroni, elfu tano na maji katoni moja. Mawinga wa kona, wamechanga. Zilikuwa kurasa sita.